Mpagazi Angeonyesha Nini?



Leo nazungumzia fidia baada ya vita, na hasa lile swali ambalo mtu huulizwa kabla hajashikishwa hata senti moja: wewe ulikuwa upande wa nani? Sisi wa Songwe, mpakani na Zambia, swali la namna hiyo tumelizoea. Babu yako alizaliwa wapi? Upande huu au ule? Una barua ya mtendaji? Kwa hiyo naomba tulitazame kwa makini, maana nchi hii tuliyokalia iliwahi kupiganiwa, na mizigo ya vita ile ilipita juu ya vichwa vya babu zetu.

Nianzie Mwanza, mwaka 1964. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilikuwa imeamua kuwalipa wazee wa Kiafrika waliopigana chini ya bendera ya Kijerumani katika Vita Vikuu vya Kwanza. Kamanda wao, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa amefariki Machi ya mwaka huohuo. Ikafunguliwa ofisi ya muda ya malipo, na wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wachache sana walikuwa na hati walizopewa vita vilipokwisha. Wengine walileta vipande vya sare iliyochakaa, na wengi hawakuwa na chochote. Inasimuliwa kwamba mtu wa benki aliyekuja na fedha hizo aliamua kuwajaribu hivi: kila mzee apewe ufagio aushike kama bunduki, kisha apigiwe amri za gwaride kwa Kijerumani. Karibu nusu karne ilikuwa imepita. Wazee wakasimama wima, wakaweka fagio begani, wakazishusha, wakageuka. Husemwa kwamba hakuna aliyeshindwa.

Kisa hiki kimeandikwa mara nyingi huko Ulaya, na kila anayekiandika hukisimulia kwa furaha, kama kisa cha utiifu usiozeeka. Mimi kila nikikisoma namfikiria mtu ambaye hakuwa na nafasi katika foleni ile. Namfikiria mpagazi. Kama yeye naye angefika Mwanza siku hiyo, angeonyesha nini? Hakufundishwa gwaride, na amri aliyoijua ni moja tu, ya kunyanyua mzigo na kwenda. Hakuna namna ya kushika ufagio itakayomthibitishia mtu wa benki kwamba wewe ulibeba sanduku la risasi kutoka bonde hili hadi bonde lile, mvua inanyesha, na ndugu yako akafia njiani kwa kuhara damu.

Sasa tuje nyumbani. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wa kugawana, na mpaka ukapita kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, katikati ya nchi ya Wanyamwanga. Ndugu wakajikuta wako katika makoloni mawili. Mpaka leo majina ya ukoo yanayoanza na Si- kwa wanaume na Na- kwa wanawake yako Tunduma upande huu na yako Nakonde upande wa Zambia, na msiba ukitokea ng'ambo watu huvuka kwenda kuzika. Mwaka 1914, Wazungu walipoanza kupigana kwao, ndugu hawa wakawa maadui kwa mujibu wa karatasi. Wataalamu huiita vita ya mataifa. Kwa Mnyamwanga wa mwaka ule ilikuwa vita ya wenyewe kwa wenyewe, hata kama ililetwa na wengine, kwa sababu aliyekuwa akitumwa upande wa pili alikuwa binamu yake.

Mapigano yalianza mapema. Septemba 1914 Wajerumani walishambulia Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Mwaka 1915 wakaizingira ngome ya Saisi, iliyo kati ya Abercorn na boma la Fife. Fife haikuwa mbali na Nakonde ya leo. Mei 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey likavuka mpaka kuingia upande huu, na kabla mwezi haujaisha likawa limeshika Neu Langenburg, yaani Tukuyu. Hakukuwa na reli ya kulifuata jeshi lile. Njia nyingi zilikuwa na mbung'o, na ng'ombe wa kukokota magari walikufa. Unga, risasi, dawa, mahema, vyote vilibebwa na watu, kila mmoja na mzigo wa kilo ishirini na tano hivi, kutoka ndani kabisa ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Wenzetu wa ng'ambo waliwaita watu hao tengatenga.

Miaka miwili baadaye vita ikarudi. Oktoba 1918 Lettow-Vorbeck, aliyekuwa akizunguka Msumbiji karibu mwaka mzima, alipanda tena kupitia Ungoni, akapita Mbozi, na mwanzoni mwa Novemba akaishambulia Fife. Akashindwa kuitwaa, akaizunguka na kuendelea hadi Kasama. Tarehe 13 Novemba, karibu na mto Chambeshi, akapata habari kwamba Ulaya wamesimamisha vita. Tarehe 25 Novemba akasalimisha silaha Abercorn, akiwa na Wajerumani 155, askari Waafrika 1,168, na wapagazi waliozidi idadi ya askari hao, pamoja na wanawake waliofuatana na msafara kwa miaka.

Askari wale walikuwa hawajalipwa mishahara kwa muda mrefu. Lettow-Vorbeck aliwaomba Waingereza fedha za kuwalipa, hakuzipata, na askari wakaandikiwa hati za madai yao. Hizo ndizo hati ambazo wachache walifika nazo Mwanza miaka arobaini na sita baadaye, zimekunjwa na kuhifadhiwa katika nyumba za nyasi zenye mchwa na moshi.

Na wapagazi je? Tuseme wapo waliofika Abercorn wakaandikwa mahali fulani. Bado kuna yule aliyechukuliwa kijijini kwake Mbozi, akabebeshwa siku nne au tano, kisha akaachwa porini jeshi lilipopata watu wengine mbele. Huyo aliandikwa na nani? Kuna aliyebebea Wajerumani mwaka 1915, na jeshi la Northey lilipofika mwaka uliofuata akabebea Waingereza, kwa sababu aliyekuwa na bunduki ndiye aliyekuwa serikali. Ukimwuliza huyo alikuwa mtiifu kwa nani, unamwuliza swali lisilo na jibu la kweli. Alikuwa mtiifu kwa maisha yake na ya watoto wake. Na hata aliyelipwa, mara nyingine alilipwa kwa noti za dharura ambazo Wajerumani walizichapa humu humu koloni baada ya manowari za Kiingereza kufunga bahari. Bendera ilipobadilika, noti zile hazikuwa na pa kupelekwa.

Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kuwa karibu laki moja, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tazameni tofauti kati ya tarakimu hizo mbili. Kati yazo kuna watu zaidi ya laki mbili ambao hakuna anayeweza kusema kama walikuwepo au la. Pale Dar es Salaam, sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927 imetolewa kwa heshima ya wapagazi pia, lakini aliyesimama juu, mbele ya macho ya kila apitaye, ni mwenye bunduki.

Kuna jambo moja katika malipo ya Mwanza linalonikera kweli, nami nitalisema wazi. Majeshi yale yote yaliishi kwa kula vya wanavijiji. Walioingia mashambani kuchukua mtama, mbuzi na vijana wa kubeba, mara nyingi walikuwa askari haohao. Siwalaumu wazee 350 waliosimama na fagio. Kila kibarua anastahili ujira wake. Lakini fedha iliyotolewa kwa kipimo cha utiifu ilimfikia aliyetumwa kunyang'anya, na aliyenyang'anywa hakutafutwa. Kipimo chenyewe ndicho kilichoamua hivyo, kabla mtu yeyote hajafika mezani.

Nchi nyingine zilijaribu kupima utiifu kwa bidii kubwa zaidi. Marekani ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1861 hadi 1865. Jeshi la serikali kuu lilipokuwa likipita katika majimbo ya Kusini yaliyojitenga, lilijichukulia mahindi, nyumbu, farasi na nyama ya nguruwe. Tarehe 3 Machi 1871 Bunge la huko likaunda tume ya makamishna watatu kusikiliza madai ya watu wa Kusini waliobaki upande wa serikali. Kabla ya kuzungumzia nyumbu wako, ulipaswa kuthibitisha kwamba tangu mwanzo hadi mwisho wa vita hukuwaunga mkono waasi. Maswali yaliyopangwa yalifika 80. Ulikuwa na ndugu katika jeshi la waasi? Uliwahi kumpa fedha, nguo au farasi? Uliposikia serikali kuu imeshinda vita fulani, ulifurahi? Majirani waliitwa kutoa ushahidi, na mawakala wa tume wakazunguka kuuliza habari zako kimyakimya. Yaliletwa madai 22,298, yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 60. Tume ilipomaliza kazi mwaka 1880, dai moja tu katika kila matatu lilikuwa limekubaliwa, na jumla iliyolipwa ilikuwa dola milioni 4.6 hivi.

Waliokuja mbele ya tume ile na ambao nawakumbuka zaidi ni waliokuwa watumwa. Utiifu wao haukutiliwa shaka sana, maana nani atarajie mtumwa kuwapigania waliomfunga? Wao waligongana na ukuta mwingine. Waliulizwa: mtumwa anawezaje kumiliki nyumbu? Katika wilaya ya Liberty, jimbo la Georgia, watumwa walifanya kazi kwa ngwe. Aliyemaliza ngwe yake mapema alikwenda kulima kishamba chake na kufuga kuku na nguruwe wake. Hakukuwa na hati, ila kila jirani alijua nguruwe huyu ni wa fulani, alinunuliwa kwa mahindi ya mwaka ule. Basi wakashuhudiana, mmoja baada ya mwingine, na tume ikaandika maneno yao. Malipo hayakufikia walichodai. Lakini maneno ya majirani wasiojua kusoma yalipokelewa kama ushahidi, na yapo mpaka leo katika hifadhi za serikali yao, ukurasa kwa ukurasa. Tume ile ilikuwa bahili na yenye shaka nyingi, nayo bado ilituzidi kwa jambo hilo moja: iliandika.

Karibu nasi, Kenya ilionja pande zote mbili za swali hili. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na vita vya Mau Mau viligawa nyumba za Wakikuyu, Waembu na Wameru. Waafrika walipoanza kupiga kura Machi 1957, mtu wa makabila hayo hakuweza kupiga kura bila hati ya utiifu, karatasi ya kuonyesha kwamba alisimama na serikali. Miaka hamsini na sita baadaye mambo yakageuka. Tarehe 6 Juni 2013, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza William Hague alisimama bungeni London, akaeleza masikitiko ya serikali yake, na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa Wakenya 5,228 walioteswa kambini wakati wa ile hali ya hatari. Mara hii hawakuulizwa walikuwa watiifu kwa nani. Waliulizwa walifanyiwa nini, na makovu yakasaidia kujibu. Kundi jingine la zaidi ya watu 40,000 lilifungua kesi yake, nayo ikatupwa mwaka 2018, kwa sababu muda ulikuwa umepita mno na mashahidi wengi walikwishakufa.

Uganda nako. Vita vya msituni vya Luweero, 1981 hadi 1986, vilipiganwa kwa mihogo na maji ya wanakijiji. Waliwalisha wapiganaji wa Yoweri Museveni, wakawaficha, wakawapelekea habari, na jeshi la serikali ya wakati huo likawaua wengi kwa sababu hiyo. Museveni aliposhika nchi, ikaundwa wizara ndogo ya kushughulikia eneo hilo, na baadaye yakaja malipo ya mara moja yanayoitwa akasiimo, maana yake shukrani, kwa raia waliosaidia. Nani alisaidia? Hapo ndipo pameleta malalamiko miaka nenda miaka rudi: orodha zinazopitiwa upya, majina yanayoongezeka, wazee wanaokufa wakisubiri kuhakikiwa. Na kule kaskazini, Acholi, Lango na Teso, watu waliopoteza ng'ombe wao vitani hawakuwa na utiifu wa kuonyesha, kwa hiyo wamedai kwa mlango mwingine, mahakamani na kwa vyama vya wadai, na wanalipwa kidogo kidogo.

Ila ni kaskazini hiyohiyo ya Uganda ambako hivi karibuni swali liliulizwa vizuri kuliko kokote ninakokujua. Tarehe 28 Februari 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa amri ya fidia kwa wahanga wa Dominic Ongwen, kamanda wa jeshi la waasi la Joseph Kony. Wahanga walikadiriwa kuwa karibu 50,000, kila mmoja atengewe yuro 750, pamoja na miradi ya kuwatibu na kuwainua kwa pamoja. Miongoni mwa waliohesabiwa kuwa wahanga wamo watoto waliotekwa na kulazimishwa kupigana. Mtoto yule alishika bunduki ya Kony na huenda aliua. Kwa kipimo cha utiifu angefukuzwa mlangoni. Mahakama ilimtazama ikaona mtu aliyeibiwa. Tena majaji walikubali kwamba watu wa vijijini baada ya vita hawawezi kuwa na makaratasi, hivyo ushahidi wa mdomo wa mtu anayeaminika unaweza kutosha. Fedha zenyewe Ongwen hana, na zinatafutwa kwa wafadhili. Hilo ni tatizo kubwa wala silifichi. Ila swali limeshaulizwa sawasawa, na mtu akiulizwa sawasawa anaweza kujibu.

Najua kuna atakayesema: bila kuhoji, matapeli watajaa. Ni kweli, watakuja. Palipo na fedha huja wenye haki na wasio na haki, na mhakiki hana budi kuwa mkali. Ukali huo autumie kwenye hasara. Aulize ng'ombe walikuwa wangapi, walichukuliwa wapi, nani aliona, nani alitoka kijiji hiki asirudi, nani alirudi hawezi kunyoosha mgongo. Haya yana majibu, na majirani huyajua. Moyo wa mtu wakati wa vita hauna shahidi, na ndiyo maana pale panapoulizwa moyo, mwongo hodari hupita na mkweli mwenye aibu hubaki nje.

Kwetu Songwe hakuna tume iliyowahi kuja kuuliza lolote kati ya hayo. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji, na Rais Samia alisema Tanzania iko tayari kuzungumza na Ujerumani juu ya urithi wa ukoloni. Mazungumzo ya namna hiyo yakianza, Wangoni wana kaburi la halaiki, wana makumbusho, wana majina ya mashujaa walionyongwa, na wamefanya kazi kubwa ya kuyatunza. Sisi wa Mbozi, Momba na Ileje, tukiulizwa kuhusu vita vya 1914 hadi 1918, tutaweka nini mezani?

Sijifichi kwamba hili linaniuma. Mtoto wa mpagazi aliyezaliwa miaka ya 1930 ana umri wa miaka tisini hivi leo. Wapo. Baadhi yenu mnaonisikiliza mnaishi nao nyumba moja, na pengine wanaisikiliza redio hii wakiwa wameegemea ukuta. Wanayajua waliyoambiwa na baba zao kuhusu safari zile, na hakuna chombo kingine kinachoyajua. Kule Kenya, watafiti waliporudi kwenye kumbukumbu za kijeshi zilizosahauliwa, walikuta majina ya waliokufa ambao hawakuwa wameandikwa kwenye mnara wowote. Majina yalikuwa yanangoja mtu wa kuyasoma. Ya kwetu hayamo kwenye daftari, yamo vinywani.

Kwa hiyo naomba walimu wa historia wa sekondari zetu, viongozi wa makanisa ya Moraviani ambayo yalikuwa hapa kabla ya vita ile, na watendaji wa vijiji: chukueni daftari la kurasa 200. Andikeni jina la mpagazi, ukoo wake na kijiji chake. Andikeni alichukuliwa na jeshi gani, na kama alichukuliwa na yote mawili, andikeni yote mawili bila haya. Alibeba nini, akafika wapi, alilipwa au hakulipwa, alirudi au hakurudi. Kama hakurudi, nyumbani walibaki nani na waliishije. Andikeni pia jina la anayesimulia, aliyasikia kwa nani, na tarehe ya siku hiyo, kisha msimulizi atie saini au dole gumba mbele ya mashahidi wawili. Nakala moja ibaki kijijini, nyingine ipelekwe halmashauri. Ng'ambo, Nakonde, wafanye vivyo hivyo, na madaftari yakikutana tutaona ni ndugu wangapi walibebeshwa kwenda kupigana na ndugu zao. Anayetaka kusomewa daftari la kijiji chake hapa redioni alilete, nami nitalisoma jina kwa jina.